Baba wa babu alifia Mombasa: nianzie wapi kumtafuta?

Swali la msomaji: «Shikamoo mzee. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, sisi ni Wadigo wa upande wa Mkinga. Baba wa babu yangu alikuwa seremala. Alivuka kwenda Mombasa baada ya Mjerumani kuondoka, akafia huko kabla ya vita vya pili, na kaburi lake hatulijui. Wazee husema aliacha nyumba Majengo na mke mwingine. Babu yangu alibaki Tanga na mama yake, akafa 1987. Nilicho nacho ni jina la mzee huyo na la baba yake, basi. Cheti cha kifo hatuna. Niende mahakama gani? Na nikilikuta jina lake, nitajuaje kuwa ndiye, si mtu mwingine wa jina hilo hilo?»

Marahaba mwanangu. Kwanza nikutue mzigo wa cheti, maana ndio unaowavunja moyo watu wengi hata kabla hawajaanza. Kenya ilianza kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1904 kwa ajili ya Wazungu na Wamarekani, ikawaongeza Wahindi 1906. Waafrika walianza kulazimishwa mwaka 1963, tena kwa maeneo machache, na sheria ikafika nchi nzima mwaka 1971. Tanganyika nayo ilikuwa na sheria yake tangu miaka ya mwanzo ya Mwingereza, lakini Waafrika walio wengi haikuwagusa. Kwa hiyo seremala wa Kidigo aliyefariki Mombasa mwaka 1938, tuseme, aliweza kuoshwa, kusaliwa na kuzikwa bila karani yeyote kutia wino. Kukosa cheti hakuna maana kwamba mzee wenu hakuwako, wala kwamba wazee wako walikosea. Daftari la vifo la Mombasa litazame siku moja, kwa kuwa wako walioandikishwa bila kulazimishwa, lakini usiliwekee matumaini yako yote.

Serikali ya kikoloni haikujali sana nani amezaliwa na nani amekufa katika vijumba vya Majengo. Ilijali ardhi ni ya nani, kodi italipwa na nani, na nani anamdai nani. Kwa hiyo katika maneno yote uliyoniandikia, lenye thamani kubwa si jina la mzee, ni neno «nyumba». Mtu wa kawaida wa zamani zile akifa bila mali, hupati karatasi. Akifa na nyumba, hata ya udongo na makuti, hapo huja mjane, huja ndugu, huja mwenye deni, huja mwenye kiwanja, na kila mmoja anataka kuandikiwa. Fuata nyumba, nayo itakufikisha kwa mwenye jina.

Lakini usipande basi la Mombasa bado. Anza Tanga, kwa babu yako aliyekufa 1987. Kama aliacha shamba, nyumba au fedha, kuna uwezekano mkubwa mirathi yake ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu hiyo ndiyo mahakama inayoshughulikia mirathi ya Kiislamu na ya kimila kwa watu wa kawaida Tanzania. Nenda masjala ya mahakama ya mahali alipokuwa akiishi, uulize rejista ya mirathi ya 1987 na ya miaka mitano sita inayofuata, kwani familia nyingi huchelewa. Ukipata namba ya shauri, omba faili. Humo ndani kuna fomu ya maombi, kuna uteuzi wa msimamizi, kuna orodha ya mali na ya mgao ambayo msimamizi hutakiwa kuirudisha, na kuna kipande ninachokipenda kuliko vyote: muhtasari wa kikao cha ukoo. Ni karatasi ya daftari la shule mara nyingi, imeandikwa kwa kalamu na kijana aliyejua kusoma, na chini yake zimepangwa saini na dole gumba za wajomba, mashangazi na binamu. Soma nani alihudhuria na aliitwa nani wa nani. Ikiwa mwaka 1987 alikuja mtu «kutoka Mombasa» katika kikao kile, umeshafika nusu ya safari, kwa maana ukoo wa mke wa pili ulikuwa ukijulikana na kualikwa.

Huko huko nyumbani yako maandishi mawili ambayo watu huyapita. La kwanza ni karatasi ya khitma. Katika nyumba nyingi za Pwani mtu mmoja huweka orodha ya marehemu wanaosomewa, na mwalimu huisoma kwa sauti kila mwaka. Orodha hiyo hutaja jina, la baba, mara nyingine la mama, na imenakiliwa kutoka karatasi kuukuu kwenda mpya kwa vizazi. Mwombe anayeitunza akuonyeshe, tena umwombe na ile ya zamani iliyochakaa, kwa sababu anayenakili huacha majina ya watu asiowajua. La pili ni sanduku la bati la bibi. Usitafute hati kubwa yenye muhuri mwekundu peke yake; tafuta stakabadhi. Stakabadhi moja ya kodi ya kiwanja ya Mombasa, hata iliyoliwa na mchwa, ina namba, na namba ndiyo lugha ya masjala.

Sasa jina. Umesema unalo la mzee na la baba yake. Nichukue mfano wa Juma bin Hamisi, ambaye si wenu. Karani wa Mjerumani alisikia kwa masikio ya Kijerumani akaandika Djuma bin Hamiss. Mwingereza akaandika Jumah, Khamis, Khamisi, Hamis. Katika orodha nyingine za Kiingereza utamkuta Juma wadi Hamisi, kwani «wadi», yaani mwana wa, kama «bin», lilitumika sana kwa watu ambao karani hakuwahesabu kuwa Waarabu. Kadhi aliandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo zina kha na ha mbalimbali, kwa hiyo huyo Hamisi ataanza na kha. Mtaani Mombasa angeweza kuitwa Juma Seremala au Juma Mtanga, na jina hilo ndilo lililoingia kwenye daftari la mwenye kiwanja. Tengeneza ukurasa mmoja wa sura zote za jina lile, uende nao kila masjala, na umwonyeshe karani badala ya kumtamkia.

Kabila nalo usilifanye kamba ya kujifungia. Mdigo wa Mkinga akiishi Mombasa miaka ishirini, akioa Mombasa na kuvaa kanzu, angeweza kuandikwa Mdigo siku moja na Mswahili siku nyingine. Katika enzi ile maneno hayo yalibeba kodi, haki ya kwenda hapa na pale, na heshima mbele ya afisa. Watu wa Pwani waligombania wazi wazi waandikweje. Ukiona karatasi inasema «Mswahili», usiitupe.

Haya, Mombasa. Majengo ilikuwa na desturi ambayo mgeni wa bara haielewi upesi: nyumba bila ardhi. Mwenye kiwanja ni mmoja, pengine familia kubwa ya Kiarabu au ya Kihindi, na juu ya kiwanja chake wamejenga watu wengine kwa kulipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Nyumba ni mali ya aliyejenga: anaiuza, anairithisha, anaipangisha. Ardhi chini yake si yake. Ndiyo sababu mtu huenda kwa msajili wa ardhi, akatafuta jina la babu yake, akaambiwa halimo, akarudi nyumbani akiwaza wazee walidanganya. Hawakudanganya. Jina la seremala halikutakiwa kuwamo katika hati ya ardhi. Utakalolitafuta kwa msajili ni jina la mwenye kiwanja, na ukishalipata unauliza warithi wake au mawakala wao wa kukusanya kodi kama yamebaki madaftari ya wapangaji wa viwanja.

Na juu ya huyo mwenye kiwanja, uko utajiri wa karatasi. Mwaka 1908 ilipitishwa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Pwani ya Kenya, ikimtaka kila anayedai ardhi aje aseme ni yake kwa njia gani. Watu walikuja na hati za kadhi, na wasiokuwa nazo walileta mashahidi: shamba hili alilinunua babu yangu kwa fulani, upande wa kibla amepakana na fulani, minazi ile aliipanda fulani. Madai yale yalisikilizwa kwa miaka mingi. Mzee wenu alivuka baada ya 1916, kwa sababu ndipo Waingereza walipoitwaa Tanga, mwezi wa Julai, kwa hiyo hatakuwa mdai. Lakini majirani zake, mwenye kiwanja chake, na pengine ukoo wa mke wake wa Mombasa wanaweza kuwamo. Nyaraka hizi zitafute kwa msajili wa ardhi Mombasa na katika Nyaraka za Taifa za Kenya, zilizo Nairobi katika barabara ya Moi na zenye tawi Mombasa. Faili la serikali lililopita miaka 30 kwa kawaida huwa wazi kwa msomaji.

Mahakama ya kwanza kwenda ni ya kadhi. Mzee wenu alikuwa Mwislamu, na katika ukanda ule wa Pwani mirathi ya Mwislamu ilipitia kwa kadhi hata wakati wa Mwingereza. Waombe rejista ya mirathi ya miaka ya 1930, lakini usikomee kwenye mirathi. Uliza pia daftari la ndoa na talaka za Waislamu, kwa kuwa Kenya ilikuwa na sheria ya kuziandikisha tangu 1906. Ndoa ya mzee na mke wa Mombasa huenda imeandikwa hata kama kifo chake hakikuandikwa, na katika ndoa anatajwa walii wa mke, yaani baba au kaka yake, pamoja na mashahidi. Hapo unapata ukoo mzima wa pili kwa mstari mmoja. Madaftari ya kale ya kadhi ni ya Kiarabu, na barua zilizokunjwa ndani yake zinaweza kuwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Nenda na mtu anayevisoma vyote viwili. Tarehe zitakuwa za Hijria. Mwaka 1350 ulianza Mei 1931, nao mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo usijumlishe namba moja tu na kudhani umepata mwaka wa miladi, tumia jedwali.

Jambo linalowapotosha hata wanaojua kazi hii ni mwaka wa faili. Faili la mirathi halikai kwenye mwaka wa kifo, linakaa kwenye mwaka wa ombi. Mtu amekufa 1938, wanawe wameishi ndani ya nyumba bila ugomvi, wajukuu wakataka kuuza 1994, wakili akawaambia haiwezekani mpaka mirathi ifunguliwe. Faili la marehemu wa 1938 litakuwa kwenye rafu ya 1994. Kenya sheria ya urithi inayotumika sasa ilianza kazi tarehe 1 Julai 1981, nayo inasema wazi kuwa mali ya aliyekufa kabla ya siku hiyo itagawanywa kwa sheria au mila iliyokuwapo alipokufa, ila usimamizi wake uendeshwe kwa utaratibu mpya. Chini ya utaratibu huo, ombi linalopelekwa kwenye mahakama za kawaida hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Tangazo hutaja marehemu, alikoishi, alikofia na lini, na nani anaomba. Gazeti hilo limeanza kutolewa mwaka 1899, na matoleo mengi sana yanasomeka kwenye intaneti, unaweza kutafuta kwa jina. Jaribu sura zote za jina katika ule ukurasa wako. Ukikosa huko bado hujakosa kila kitu, kwani mirathi iliyoishia kwa kadhi si lazima ipite katika Gazeti.

Ukilipata tangazo, nenda kaombe faili lenyewe. Mafaili ya Kenya ya nyakati hizi yana kiapo cha mwombaji kinachotaja warithi wote waliobaki, na yana barua ya chifu inayowataja tena. Linganisha orodha hizo mbili. Mahali zinapotofautiana, hapo pana mtu ambaye chifu alimjua na mwombaji hakutaka atajwe, au kinyume chake.

Sasa nikufundishe kuisoma hati ya mgao, kwa kuwa mafungu ya mirathi ya Kiislamu yanazungumza kuliko majina. Kadhi hagawi kwa kukadiria. Kila mrithi ana fungu lake katika sheria, kwa hiyo ukiyaona mafungu unaweza kuijenga familia upya hata kama majina yamefutika. Mke akipata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, marehemu ameacha mtoto, au mjukuu kwa mwanawe wa kiume. Mke akipata robo, mahakama haikumjua mtoto yeyote. Wake wakiwa wawili thumuni ni moja, wanaigawana, kwa hiyo ukiona mwanamke amepewa sehemu moja ya kumi na sita, fahamu yuko mwenzake, hata kama ukurasa wake umechanika. Mama wa marehemu akipata sudusi, yaani sehemu moja ya sita, alikuwa hai siku ile, na hilo tu limekupa kizazi kingine. Binti wa pekee asiye na kaka huchukua nusu. Mabinti wawili au zaidi wasio na kaka hushirikiana thuluthi mbili. Akiwepo mwana wa kiume, yeye na dada zake huchukua kilichobaki, fungu lake mara mbili ya la dada.

Tuseme umeikuta hati iliyogawa nyumba mafungu 32: wanawake wawili wamepata mawili kila mmoja, mwanamume mmoja 14, na wanawake wengine wawili saba kila mmoja. Hata usiposoma jina lolote, umeshajua: wake wawili, mwana mmoja, mabinti wawili, na wazazi wa marehemu wote walikuwa wamekwisha kufa. Kama wewe unajua kuwa babu yako wa Tanga alikuwa mwana wa kiume wa pekee, na kuwa mama yake hakupewa talaka, hati hiyo inaanza kukukonyeza.

Lakini kuna sura nyingine, nayo nataka uiandalie moyo. Tuseme hati inasema mke mmoja thumuni, binti mmoja nusu, na ndugu wa kiume wa marehemu amechukua tatu ya nane iliyobaki. Ndugu harithi chochote akiwepo mwana wa kiume. Kwa hiyo mahakama ile iliamini kuwa marehemu hana mwana. Babu yako alikuwa hai Tanga wakati huo, mtoto labda wa miaka kumi na kitu. Basi ni moja kati ya mawili: huyu si mzee wenu, au ni yeye na mwanawe hakutajwa. Kutotajwa si lazima kuwe uovu. Mpaka ulikuwa umekatwa, habari zilikwenda kwa jahazi na kwa midomo, na mjane wa Mombasa huenda hakumjua mtoto wa Mkinga kwa jina. Yawezekana pia ndugu alijua akanyamaza. Faili la mirathi ni kiapo cha mwenye maslahi. Ni ushahidi bora tulio nao, na papo hapo ni ushahidi wa mtu aliyekuwa na sababu ya kufupisha orodha. Watoto wa mke wa mbali, watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ambao kwa sheria humrithi mama tu, na watoto waliobadili dini, wote hawa huanguka kimya kimya kutoka kwenye karatasi.

Kwenu Wadigo liko la ziada, nami sitaki likupite. Wadigo walikuwa wakirithishana kwa upande wa mama: mali ya mtu ilikwenda kwa wana wa dada yake kabla ya wanawe mwenyewe. Uislamu ulileta mgao wa watoto, na mila hizi mbili ziligombana mbele ya wazee, makadhi na maafisa kwa miaka mingi ya ukoloni. Kwa hiyo ukimkuta mpwa amechukua nyumba, usiseme haraka kuwa huyu hakuwa na watoto. Tazama shauri lilisikilizwa wapi. Kadhi akigawa kwa sheria, mpwa kwa dada hana fungu mbele ya watoto wala ndugu wa kiume. Baraza la wazee likigawa kwa mila, mpwa ndiye. Na jina la mpwa ni dhahabu kwako, kwa sababu linakupa dada wa mzee, naye dada huyo alibaki upande gani wa mpaka? Mara nyingi dada ndiye aliyebaki Mkinga, na uzao wake uko vijiji vinne kutoka kwako.

Kabla ya mgao kuna orodha ya madeni, ambayo watu huifungua na kuifunga. Isome polepole. Sheria inataka gharama za mazishi na madeni yatangulie, kisha wosia usiozidi thuluthi, ndipo warithi. Mahari ambayo mke hakulipwa ni deni, hivyo mjane huja na dai lake na kutaja ameolewa lini na kwa kiasi gani. Wenye maduka huja na vitabu vyao. Seremala hudaiwa mbao, misumari, randa, pengine fedha za mkopo kwa mwenzake wa kazi. Fundi aliyekufa hudai pia: mlango wa nyumba ya fulani haujalipwa. Hapa ndipo unapomtambua mtu.

Nalo ndilo jibu la swali lako la mwisho. Jina na jina la baba havitoshi kabisa. Pwani ya Tanga na Mombasa ina maelfu ya watu wenye majina mawili yaliyo sawa, kwa kuwa tunarudia majina ya babu zetu. Mimi mwenyewe, zamani, nilimtafutia familia moja mzee wao, nikapata jina, jina la baba na mtaa, vyote sawasawa. Niliwapelekea, wakafurahi, wakamsomea khitma kwa tarehe niliyowapa. Mwaka uliofuata nilirudi katika faili lile lile kwa kazi nyingine, nikaisoma orodha ya madeni kwa mara ya kwanza: marehemu yule alikuwa akidaiwa nyavu na chumvi, alikuwa mvuvi. Mzee wao alikuwa fundi cherehani. Nilirudi kwao nikawaambia, na yale machozi ya yule mama mzee bado ninayo. Tangu siku ile sikubali mtu mpaka pawe na angalau mambo mawili yanayolingana mbali na majina: kazi yake, jina la mama au dada, jina la mke, kijiji alikotoka, au shahidi anayejulikana na ukoo. Na yale mambo uliyoyasikia kwa wazee yaandike sasa, kabla hujaenda masjala, uyatie tarehe. Ukishaona faili, kumbukumbu ya wazee itaanza kufuata faili bila wao kutaka, nawe utapoteza kipimo chako.

Kama kwa kadhi hakuna kitu, zipo njia mbili fupi. Mirathi iliyokosa msimamizi huangukia kwa mdhamini wa umma wa Kenya. Kwetu kazi hiyo ni ya Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye sasa yuko ndani ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Na kama nyumba iliwekwa wakfu, jambo la kawaida kwa mtu asiye na mwana karibu naye, uliza Tume ya Wakfu, afisi yao iko Mombasa. Hati ya wakfu hutaja wanufaika, na mara nyingi wanufaika ni jamaa.

Limebaki la watu walio hai, na kwangu mimi ndilo gumu kuliko karatasi zote. Siku moja utasimama mbele ya mlango Majengo, na atakayefungua atakuwa mjukuu wa yule mke wa pili. Atakapokusikia unamtaja mzee, hatasikia «ndugu», atasikia «nyumba». Kesi ya kudai ardhi, Kenya na Tanzania, sheria imeiwekea ukomo wa miaka 12, na hapa imepita karibu karne. Lakini yeye hatafikiria ukomo, atafikiria kitanda chake. Kwa hiyo usiende na wakili, usiende na nakala za faili mkononi, wala usianze kuuliza habari za hati. Mtangulize mtu mzima anayefahamika pale mtaani, imamu wa msikiti wa karibu kama yupo anayekukubalia, aseme kuwa yuko binti kutoka Tanga anayemtafuta baba wa babu yake ili amjue alipozikwa. Nenda na ile orodha yenu ya khitma, uwaombe nao watoe ya kwao, mziweke pamoja juu ya mkeka. Jina la mzee likiwa katika zote mbili, na chini yake au juu yake likiwapo jina la dada yule yule, hapo utakuwa umempata, nao watakuonyesha kaburi.